Tiba ya mazungumzo kwa mtoto na kijana: kwa nini kila mtoto hupangiwa ya kwake

Mtoto akichemka mwili usiku, mama haishii kusema "ana homa". Asubuhi anampeleka zahanati, mtoto anatobolewa kidole, na majibu ndiyo yanayoamua dawa. Malaria ina dawa yake, nimonia ina yake, maambukizi ya njia ya mkojo yana yake. Joto ni lile lile, lakini chanzo si kimoja.

Ndivyo ilivyo pia mtoto anapobadilika tabia. Kukataa shule, kukojoa kitandani wakati alishaacha, kupigana, kunyamaza, kulia bila sababu inayoonekana: hizi ni dalili kama joto. Hazitaji ugonjwa. Tiba ya kisaikolojia, ambayo wengi huiita tiba ya mazungumzo au ushauri nasaha, huanza kwa kutafuta kilicho nyuma ya dalili, kisha humpangia mtoto huyo mmoja msaada unaomfaa yeye.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba, wenye umri wa miaka 10 hadi 19, anaishi na tatizo la afya ya akili. Mengi huanza kabla ya miaka 14, umri ambao mtoto bado yuko chini ya macho yako. Makala haya yanaeleza tiba hii inavyofanyika, wewe mama au mlezi una nafasi gani ndani yake, na lini usisubiri hata siku moja.

Watoto watatu wanaokataa shule

Tuchukue mifano mitatu. Si watoto halisi, lakini kila anayefanya kazi na watoto amekutana na wa namna hii.

Wa kwanza ni mvulana wa miaka 8. Kila asubuhi ya siku za shule anaumwa tumbo. Jumamosi tumbo haliumi. Amepimwa choo na mkojo, hakuna kitu. Ukimuuliza mama yake vizuri, anakumbuka kwamba yalianza baada ya yeye kulazwa wiki mbili kwa matatizo ya uzazi. Mtoto aliachwa kwa jirani, na hakuna aliyemweleza mama yuko wapi na atarudi lini.

Wa pili ni binti wa miaka 15, yuko kidato cha pili. Alama zimeshuka. Usiku halali, mchana hainuki. Alikuwa anaimba kwaya, ameacha. Akiulizwa kitu anajibu kwa ukali, na nyumbani wanasema ana kiburi. Hakuna aliyemwona akilia.

Wa tatu ni msichana wa miaka 11. Yeye alikataa shule ghafla, siku moja tu. Anashtuka akiguswa begani. Anaomba apite njia ya mbali kuliko ile ya kawaida. Hasemi kwa nini.

Kwa nje wote watatu "hawataki shule". Wa kwanza akichapwa, hofu yake inaongezeka. Wa pili akipelekwa masomo ya ziada jioni, anachoka zaidi na kujiona mjinga. Wa tatu akilazimishwa kupita njia ile ile, anarudishwa mikononi mwa mtu anayemdhuru. Kosa halipo katika upendo wa mzazi. Lipo katika kutibu dalili kabla ya kujua chanzo.

Kikao cha kwanza: kuchora ramani ya tatizo

Kikao kimoja au viwili vya mwanzo kwa kawaida si vya tiba. Ni vya kuuliza na kusikiliza. Mtaalamu ataongea nawe, ataongea na mtoto, na mara nyingi ataongea na kila mmoja peke yake.

Maswali mengine yanaweza kukushangaza. Mimba ilikuwaje? Alizaliwa salama? Alitembea na kuongea akiwa na umri gani? Amewahi kupata degedege au kuumia kichwa? Nani anaishi nyumbani, na nani ameondoka? Kumekuwa na msiba, ugomvi, kuhama, kupoteza kazi? Mtoto analala na nani? Anakula vipi? Shuleni wanasema nini? Mtaalamu haulizi ili akulaumu. Anaunganisha vipande: nini kilimwandaa mtoto kuwa na tatizo hili, nini kililianzisha, nini kinalifanya lisiishe, na nini ndani ya familia kinaweza kumsaidia. Hilo la mwisho lina uzito sawa na mengine. Bibi anayempenda, mwalimu anayemwamini na rafiki mmoja mzuri huingizwa katika mpango wa tiba.

Mtaalamu mzuri pia ataangalia mwili. Mtoto asiyesikia vizuri anaweza kuonekana mkaidi. Asiyeona ubao anaweza kuonekana mvivu. Upungufu wa damu huleta uchovu unaofanana na huzuni. Kuna aina ya kifafa ambayo haimwangushi mtoto chini. Hukodoa macho kwa sekunde chache kama aliyezama katika mawazo, kisha huendelea na alichokuwa akifanya. Mambo haya yana tiba yake, na mazungumzo peke yake hayawezi kuyaponya.

Kijana anaweza kuulizwa waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Wazazi wengi huogopa swali hili, wakidhani litampandikizia wazo. Halipandikizi. Kwa kijana aliyekuwa akibeba mawazo hayo peke yake, swali linaloulizwa kwa utulivu mara nyingi ndilo linalompa nafasi ya kwanza ya kusema.

Mwishoni mwa hatua hii unatakiwa kuambiwa, kwa lugha unayoielewa, mtaalamu anadhani tatizo ni nini, anapendekeza nini, vikao vitakuwa vingapi na mtajuaje kama mtoto anapata nafuu. Usipoambiwa, uliza. Ni haki yako.

Vikao vyenyewe vinafanyikaje

Kikao cha kawaida huchukua dakika 45 hadi 60, mara moja kwa wiki. Tiba nyingi za watoto zina mwisho unaojulikana: mara nyingi ni vikao 12 hadi 16, wakati mwingine pungufu, wakati mwingine zaidi. Kinachofanyika ndani hutegemea umri na chanzo.

Kwa watoto wadogo: mchezo ndio lugha. Mtoto wa miaka 5 hawezi kukaa kwenye kiti na kueleza huzuni yake. Atamlaza mwanasesere kitandani na kusema "mama huyu hataamka". Atachora nyumba isiyo na mlango. Kwa hiyo chumba cha tiba kinaweza kuwa na udongo wa kufinyanga, rangi, wanasesere na magari ya kuchezea. Ukichungulia utasema "anacheza tu". Mtaalamu anatazama mchezo unaorudiwa, anaupa jina ("naona mtoto huyu anaogopa kuachwa") na anamsaidia mtoto kutafuta mwisho mwingine wa hadithi.

Kwa mtoto mdogo mwenye ukaidi na hasira kali, tiba yenye ushahidi mzuri zaidi humhusisha mzazi kuliko mtoto. Mama au baba hufundishwa kumsifu kwa jambo mahususi ("umeweka viatu mahali pake, vizuri sana"), kutoa agizo moja fupi badala ya matano, kutoyumba kwenye kanuni chache, na kutenga dakika chache kila siku za kucheza naye bila kumkosoa. Ukiambiwa kwamba vikao vingi ni vyako, usidhani umehukumiwa. Mtaalamu anamwona mtoto saa moja kwa wiki. Wewe unaishi naye.

Kwa hofu: hatua ndogo ndogo. Mvulana wetu wa miaka 8 ana hofu ya kutengana na mama. Hofu ina tabia moja: ukiikimbia, inakua. Kila siku anayobaki nyumbani anapata ahueni, na mwili wake unajifunza kwamba kweli shule ni hatari. Tiba ya fikra na tabia huvunja mzunguko huo. Kwanza anafundishwa kwamba tumbo linalouma asubuhi ni kengele ya mwili, na wakati mwingine kengele hulia bila moto kuwepo. Kisha yeye, mama na mtaalamu wanatengeneza ngazi:

- kubaki kwa jirani dakika kumi mama akienda dukani;
- kutembea hadi geti la shule na kurudi;
- kukaa darasani vipindi viwili mama akiwa nje ya geti;
- kukaa hadi mapumziko mama akiwa nyumbani;
- siku nzima.

Kila hatua anapima hofu yake kuanzia 0 hadi 10. Anabaki pale mpaka namba ishuke, na hatua hurudiwa mpaka iwe rahisi, ndipo apande inayofuata. Kazi ya mama hapa ni ngumu: kumuaga kwa ufupi, kutimiza muda alioahidi kurudi, na kutoondoka kwa kujificha. Mama anayetoroka ili mtoto asilie anathibitisha kile kile mtoto anachokiogopa.

Kwa huzuni nzito: kuanza na matendo. Binti wa miaka 15 ana dalili za sonona. Kwa vijana, sonona mara nyingi huonekana kama hasira na kujitenga kuliko machozi, ndiyo maana hudhaniwa kuwa kiburi. Sonona humwambia mtu "lala, hutaweza", naye akilala anakosa kila kitu ambacho kingempa nguvu. Mtaalamu hamwambii "changamka". Wanapanga pamoja mambo madogo mno: kuoga kabla ya saa tatu, kutembea na rafiki jioni, kwenda kwaya mara moja bila kulazimika kuimba. Anaandika alivyojisikia kabla na baada. Baadaye wanachunguza mawazo yanayojirudia, kama "mimi ni mzigo kwa mama", na kuyapima kama yanavyopimwa maneno ya shahidi: ushahidi uko wapi, na nini kinapingana nao? Kuna pia tiba inayojikita kwenye mahusiano. Kama huzuni ilianza baada ya wazazi kutengana au baada ya kugombana na rafiki wa karibu, kazi hufanyika hapo, kwa kujifunza kusema linalomuuma bila kufoka na bila kunyamaza.

Kwa aliyepatwa na tukio baya: usalama kwanza, kisha simulizi. Msichana wa miaka 11 alikuwa akishikwashikwa na mtu mzima njiani na kutishiwa asiseme. Kabla ya tiba yoyote, mtoto huyu anatakiwa kuwa salama: njia inabadilishwa, tukio linaripotiwa, anapata huduma ya hospitali. Kwa mtoto aliyebakwa au kulawitiwa, saa 72 za kwanza ni muhimu sana, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya muda huo. Hata muda huo ukipita, mpeleke. Bado kuna msaada.

Ndipo tiba ya kiwewe inafuata, hatua kwa hatua. Mtoto anaelezwa kwamba kushtuka, ndoto mbaya na kukwepa ni mwili unaojilinda, na kwamba kosa si lake. Anajifunza kupumua taratibu na kutuliza mwili, na kutaja hisia zake. Baadaye kabisa, kidogo kidogo, anasimulia, anachora au anaandika yaliyompata, mpaka kumbukumbu ile ipoteze ukali wake. Mwishowe, akiwa tayari, anamsomea mlezi wake. Mlezi huandaliwa kabla, ili siku hiyo mtoto asione hofu au aibu usoni kwa mama, bali mtu anayeweza kuyasikia na kubaki.

Tiba hii imejaribiwa kwetu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalihusu watoto 640 wa Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, wenye umri wa miaka 7 hadi 13, waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Walioitoa hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa kwa karibu. Sehemu kubwa ilifanyika katika vikundi, lakini kusimulia msiba wenyewe kulifanyika mtoto mmoja mmoja, kwa sababu huzuni ya kila mtoto ina sura yake. Tiba ilipokwisha, katika maeneo matatu kati ya manne dalili za kiwewe zilikuwa zimepungua zaidi kwa watoto walioipata kuliko kwa wale waliopata huduma za kawaida.

Watoto wengi wenye msiba nyumbani huambiwa "baba amesafiri" au "bibi amelala". Tunasema hivyo kwa huruma. Lakini mtoto aliyeambiwa baba amesafiri husubiri, na aliyeambiwa bibi amelala huogopa kulala. Mtaalamu atakusaidia kupata maneno ya kweli yanayolingana na umri wake: "Baba amefariki. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hatarudi, na si kwa sababu ya kitu ulichofanya. Mimi nipo nawe."

Siri ya chumba cha tiba

"Kwa nini mtaalamu haniambii kila alichosema mwanangu?" Hili huwaumiza wazazi wengi, hasa wa vijana. Kijana atasema ukweli pale tu anapojua maneno yake hayatafika mezani wakati wa chakula. Mtaalamu atakueleza mwelekeo wa tiba, maendeleo, na namna ya kusaidia nyumbani, bila kurudia kila neno.

Siri hiyo ina mipaka, na mtoto huambiwa tangu siku ya kwanza. Mtaalamu atasema kama mtoto anataka kujidhuru, kama anataka kumdhuru mwingine, au kama kuna mtu anayemdhuru yeye. Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa haki za mtoto zinapovunjwa, hata kama anayezivunja ni ndugu.

Jambo la kinyume ni ishara ya hatari. Mtu yeyote anayemwambia mtoto "usimwambie mama kinachofanyika humu" si wa kuaminiwa. Mtu anayeahidi kuponya kwa siku moja, anayempiga au kumfunga mtoto kamba, anayemnyima chakula au kukutaka usimamishe dawa za hospitali, ondoka kwake na mtoto wako, awe amevaa koti jeupe au joho.

Dawa, dua na ndugu

Je, mtoto atapewa dawa? Wengi hawahitaji. Kwa hofu na huzuni ya kiwango kidogo au cha kati, mazungumzo huja kwanza. Sonona kali, au tatizo la umakini linalomzuia kabisa kusoma, linaweza kuhitaji dawa pamoja na tiba. Hapo daktari ndiye huamua, naye hufuatilia kwa karibu hasa wiki za mwanzo. Usizikatishe ghafla mtoto anapoonekana mzima, wala usimpe vidonge vya usingizi vya mtu mwingine.

Je, kwenda kliniki ni kukosa imani? Familia nyingi huenda kwanza kanisani, kwa shehe au kwa mganga, na nyumbani kunasemwa kwamba mtoto "amechezewa". Dua na kliniki havigombani. Mtoto anaweza kuombewa Jumapili au Ijumaa na kwenda kikao chake Jumanne. Unachotakiwa kukilinda ni muda: kila mwezi unaopita bila msaada, hofu inaota mizizi na masomo yanapotea.

Na ndugu watasemaje? Baadhi watasema "hakuna kichaa katika ukoo wetu". Huna haja ya kubishana. Unaweza kusema, "Mtoto halali na hasomi, tunamtafutia msaada." Hiyo ni kweli, na inatosha. Si lazima kila mtu ajue yaliyosemwa chumbani.

Kumwandaa mtoto, na kazi yako nyumbani

Usimdanganye kwamba mnaenda sokoni. Usitumie kliniki kama tishio ("ukirudia nitakupeleka kwa daktari wa akili"). Kwa mtoto mdogo unaweza kusema: "Tunaenda kumwona mtu anayesaidia watoto wenye mawazo yanayowasumbua. Mtaongea na kucheza. Hakuna sindano." Kwa kijana: "Nimeona miezi hii umebeba kitu kizito. Huhitaji kuniambia mimi. Kuna mtu amesomea kusikiliza, twende mara tatu, kisha tuongee tena." Kijana anayepewa nafasi ya kuamua hukataa kidogo kuliko anayeburutwa.

Baada ya kikao usimhoji njiani: "Umesema nini? Umenitaja?" Mpe maji, mwambie mnafurahi kurudi nyumbani, mwache aongee akitaka. Msaidie kufanya mazoezi aliyopewa, kwa maana mabadiliko hutokea kati ya kikao na kikao. Hudhurieni vikao vyote. Kuruka viwili katikati ya ngazi ya hofu ni kama kuacha dozi.

Usishangae akionekana mzito zaidi wiki fulani, hasa anapoanza kusimulia. Mwambie mtaalamu. Kwa kawaida hupungua. Lakini baada ya vikao sita hadi nane kaeni pamoja mpime: analala? Anaenda shule? Anacheza? Kama hakuna kilichobadilika, mpango ubadilishwe, au apelekwe kwa mtaalamu mwingine. Wakati mwingine tiba ni sahihi ila mtoto hakuelewana na mtu huyo, na hilo si kosa la yeyote.

Ujiangalie na wewe pia. Mama asiyelala, mwenye huzuni au anayepigwa nyumbani hawezi kubeba tiba ya mtoto peke yake. Ukimwambia mtaalamu hali yako unamsaidia na mwanao.

Uanzie wapi

Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya au kaunti. Uliza kitengo cha afya ya akili, kliniki ya watoto, au ofisi ya ustawi wa jamii. Kutoka hapo mtaandikiwa rufaa. Tanzania, huduma za wataalamu zipo katika hospitali kama Muhimbili, Bugando na Mirembe. Kenya, zipo Mathari jijini Nairobi na Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, miongoni mwa nyingine. Uliza mapema kuhusu gharama, bima na msamaha wa malipo. Pale ambapo mtaalamu yuko mbali, uliza kama vikao vingine vinaweza kufanyika kwa simu.

Mwulize anayetaka kumtibu mwanao: amesomea nini, ana usajili gani, amewahi kufanya kazi na watoto wa umri huu, na nani anamsimamia. Mtaalamu wa kweli hakasiriki kwa maswali haya.

Siku ya kwanza nenda na:

- kadi ya kliniki na vyeti vya hospitali alivyonavyo;
- ripoti za shule za mihula miwili au mitatu;
- majina ya dawa anazotumia, pamoja na za mitishamba;
- karatasi uliyoandika: tatizo lilianza lini, nini kilitokea miezi hiyo, lini hali huwa mbaya na lini huwa nafuu;
- jambo moja ambalo mwanao anafanya vizuri.

Lini usisubiri

Nenda hospitali leo, si wiki ijayo, ikiwa mtoto au kijana:

- anasema anataka kufa, anagawa vitu vyake au kuaga watu;
- amejikata, amemeza kitu au amejaribu kujidhuru kwa njia yoyote;
- anasikia sauti au kuona vitu ambavyo wengine hawavioni;
- amekataa kabisa kula au kunywa;
- amefanyiwa ukatili wa kingono au anapigwa na mtu anayeishi naye.

Usimwache peke yake. Fungia mbali dawa za kuulia wadudu, vidonge na vitu vyenye makali. Kuziweka mbali wakati wa saa chache ngumu huokoa maisha. Usimgombeze wala kumwambia anatafuta kuonewa huruma. Mwambie: "Nimekusikia. Tuko pamoja, tunaenda kupata msaada sasa hivi."

Kwa ukatili, nenda dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, au kituo cha mkono kwa mkono kama kipo katika hospitali iliyo karibu nawe. Usimwogeshe mtoto na usifue nguo alizovaa kabla hajaonwa na daktari.

Tanzania na Kenya, namba ya simu ya msaada kwa mtoto ni 116. Kupiga ni bure. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga, na wewe mlezi unaweza kupiga hata kama huna hakika kama jambo ni kubwa. Eleza unachokiona, nao watakusaidia kujua hatua inayofuata.